Darubini chuoni: jinsi usiku wa kutazama nyota unavyoandaliwa

USIKU wa kutazama nyota ni hafla ambapo chuo kikuu huwafungulia wakazi uwanja wake, watoto kwa wazee, wachungulie anga kwa darubini wakiongozwa na wajuzi wa falaki. Nchini Kenya, kazi ya kuzungusha darubini shuleni na vijijini imefanywa na Travelling Telescope, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Susan Murabana pamoja na mumewe, Daniel Chu Owen.

Kwa wakazi wa Itumbe, uwanja ulio jirani ni wa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati mwaka 2013. Anga ya Gusii ina neema. Eneo hilo liko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, hivyo karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, huonekana huko katika mwaka mmoja. Mkazi wa London hauoni kamwe Msalaba wa Kusini akiwa kwao. Mchuma majani chai huuona Mei, mradi mawingu yatawanyike.

Na mawingu ndiyo adui mkubwa. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda vilima na kumwaga mvua alasiri, na mara nyingi anga hubaki imefunikwa hadi usiku. Januari na Februari hufaa kuliko Aprili.

Siku huchaguliwa kwa kufuata mwezi. Mwezi mpevu hupendeza macho, lakini hufifiza nyota na hauna vivuli vya kudhihirisha milima yake. Mwezi wa siku saba ni bora. Taa za uwanjani huzimwa, jambo lisilowafurahisha walinzi, kwani macho huhitaji takriban dakika 20 kuzoea giza.

Januari jioni huonekana Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake latokana na kulima. Hata darubini ndogo huonyesha miezi minne ya sayari ya Mshtarii, aliyoiona Galileo mwaka 1610, na pete za Zohali, sayari hizo zikiwa angani. Mtoto aliyezijua kwa mchoro wa kitabuni tu huziona kwa jicho lake. Wageni huonywa mapema kwamba mawingu ya gesi huonekana kama moshi wa kijivu, si kwa rangi za pichani.

Linalosahaulika zaidi ni foleni. Kila mtu akipewa dakika moja, watu 200 kwa darubini moja humaliza zaidi ya saa tatu, na watoto wa mwisho huwa wamesinzia. Waandaaji wenye busara hutafuta darubini tatu, kila moja ikielekezwa kwa kitu chake.