Mgeni Aliyepewa Jembe Siku ya Kwanza

Ndugu msikilizaji, miaka michache iliyopita alinijia nyumbani mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 26, fundi umeme kwa kazi. Alikuwa amebahatika katika ile bahati nasibu ya viza za Marekani, na mama yake alikuwa ameshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli. Baada ya shikamoo na glasi ya maji, alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani.

"Baba mdogo, jimbo langu nimeshalipata," akasema. "West Virginia. Nyumba kule ni bei ya kutupa. Ila kitu kimoja kinanitatiza. Nimetafuta mtu wa kwetu aliyeko huko nimpigie simu, sikumpata hata mmoja. Wote wako Houston, Dallas na Minneapolis, ambako kodi inawatoa jasho. Kwa nini wasiende kwenye nafuu?"

Nilimwambia anipe wiki moja kabla sijamjibu. Swali lake lilionekana la bei ya nyumba, lakini jibu lake liko kwenye historia. Na kwa kuwa vijana wengi wa mijini wanauliza kama yeye, nimeona tulizungumze leo mbele ya wote.

Sisi huku tukisema "Marekani" tunadhani ni nchi moja iliyojaa wageni kila pembe. Sivyo. Sensa ya mwaka 1910 ilikuta watu milioni 13 na nusu waliozaliwa nje ya nchi hiyo, katika taifa la watu milioni 92. Ni kama mtu mmoja katika kila saba. Lakini hawakusambaa sawasawa kama mchele kwenye ungo. Katika jiji la New York walikuwa wanne katika kila kumi. Katika majimbo ya Mississippi na North Carolina hawakufika mmoja katika kila mia. Nchi moja, bendera moja, sheria moja ya uhamiaji. Iweje?

Tuanze na meli. Mhamiaji wa karne ya 19 hakuchagua jimbo kwenye ramani, alichagua meli. Meli zilizotoka Liverpool, Bremen, Hamburg na baadaye Naples nyingi zilitia nanga New York. Mji huo ulikuwa na mfereji wa Erie tangu mwaka 1825, uliounganisha bandari na Maziwa Makuu, na baadaye ukawa na reli hadi Chicago. Aliyeshuka pale alijikuta njia imeshanyooshwa kuelekea magharibi. Kusini kulikuwa na bandari kubwa moja ya kupokea wahamiaji, New Orleans. Lakini New Orleans kulikuwa na homa ya manjano. Mwaka 1853 peke yake homa hiyo iliua watu wapatao 8,000 katika mji huo, na waliokufa zaidi walikuwa wageni, Waairishi na Wajerumani, ambao miili yao haikuizoea. Wengi wa waliopona walipanda boti za mvuke wakapandisha mto Mississippi kwenda St. Louis na Cincinnati. Hawakugeuka nyuma.

Hata hivyo homa haielezi yote. Watu huenda penye homa kama pana riziki. Wachimba dhahabu wa dunia nzima ni mashahidi. Sababu kubwa ilikuwa kazi na nani anayeifanya. Kabla ya mwaka 1865, kazi ya Kusini ilifanywa na watumwa weusi. Ardhi nzuri ilishikwa na wenye mashamba makubwa ya pamba. Mgeni asiye na mtaji angekwenda kufanya nini pale? Kushindana na mtu asiyelipwa? Huwezi kudai mshahara mahali ambapo jirani yako anafanya kazi ileile kwa mjeledi.

Utumwa ulipokwisha, watu milioni nne wakawa huru, na wenye mashamba wakaanza kulalamika kwamba wafanyakazi wamekuwa wakaidi. Ukaidi wenyewe ulikuwa kudai malipo, kutaka ardhi, kupeleka watoto shule na kupiga kura. Ndipo matajiri wale wakapata wazo: tuwalete wageni. Wakaleta Wachina katika mashamba ya Louisiana na Mississippi. Wachina wale walikaa kidogo, wakapima hesabu, wakaacha jembe. Baadhi yao walifungua maduka madogo ya vyakula katika bonde la Mississippi, na vizazi vyao viliyaendesha kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho nilimsimulia kijana wangu kwa kirefu. Katika jimbo la Arkansas, kando ya ziwa Chicot, palikuwa na shamba la pamba liitwalo Sunnyside. Mwenyewe alikuwa tajiri wa New York, Austin Corbin. Alikubaliana na Meya wa Roma, Emanuele Ruspoli, apelekewe familia za wakulima wa Kiitalia. Mwishoni mwa mwaka 1895 kundi la kwanza likashuka New Orleans. Kila familia ilikatiwa ekari 12 na nusu, kwa ahadi kwamba ikilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, ardhi itakuwa yake.

Ahadi nzuri, sivyo? Lakini bei ya ardhi ilikuwa juu kupita kiasi. Maji yalikuwa mabaya, mbu hawana idadi. Malaria ikawaingia watu waliozoea vilima vya kwao, ikaua wazazi na watoto. Mwaka uliofuata Corbin akafa kwa ajali ya gari la farasi, na mpango ukakosa mwenyewe. Mwaka 1898 padri mmoja, Pietro Bandini, aliwachukua baadhi ya wale Waitalia akavuka nao Arkansas hadi kwenye vilima vya kaskazini magharibi. Wakanunua ardhi yao wenyewe, wakapanda mizabibu, wakajenga mji wakauita Tontitown. Mji huo upo hadi leo, na kila mwaka hufanya sherehe ya zabibu.

Mtazame mgeni yuleyule, katika jimbo lilelile. Penye deni na homa alikimbia, na penye ardhi iliyo yake alikaa miaka zaidi ya mia.

Sunnyside haikuishia hapo. Wafanyabiashara wa upande wa Mississippi walilikodi shamba lile wakaleta Waitalia wengine. Safari hii mkulima alianza na deni kabla hajashika jembe: deni la nauli, deni la nyumbu, deni la unga kwenye duka la kampuni, na riba juu yake. Msikilizaji mwenye umri wangu, ambaye babu yake alikwenda mkonge Tanga kama manamba, hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale walipewa jembe siku ya kwanza, na jembe lenyewe limeandikwa kwenye daftari la madeni.

Mwaka 1907 serikali ya Marekani ilimtuma mwanasheria mwanamke, Mary Grace Quackenbos, kuchunguza. Kumzuia mtu kazini kwa sababu ya deni kulikuwa kosa kwa sheria ya mwaka 1867. Bibi huyu alikusanya ushahidi kwamba waliojaribu kuondoka walizuiwa. Lakini mmoja wa wakubwa wa shamba, LeRoy Percy, alikuwa rafiki wa Rais Theodore Roosevelt, na baraza la wazee wa mahakama la Mississippi lilikataa kufungua mashtaka. Kesi ikafa. Ila habari haikufa. Ilivuka bahari na kufika vijijini Italia, na serikali ya huko ikawa inawaonya watu wake wasiende kwenye mashamba yale.

Habari nyingine zilikuwa zimetangulia. Tarehe 14 Machi 1891, mjini New Orleans, kundi la watu lilivunja jela likawaua Waitalia 11, baada ya mahakama kushindwa kuwatia hatiani wale walioshtakiwa kwa kifo cha mkuu wa polisi. Marekani ililipa fidia kwa Italia. Mwaka 1899 Waitalia wengine watano waliuawa na kundi la watu katika mji wa Tallulah, Louisiana. Mama wa kijijini kwao aliyesikia hayo, je, angempa mwanawe nauli ya kwenda Kusini au ya kwenda New York?

Basi South Carolina ilifungua ofisi yake ya uhamiaji mwaka 1904, na Novemba 1906 meli ya Wittekind ikaingia bandari ya Charleston na wahamiaji zaidi ya 400 kutoka Ulaya. Wenyeji waliwapokea kwa shangwe. Muda si muda wengi wakaondoka, wakisema mshahara viwandani si ule walioahidiwa. Vifijo vya bandarini havimlishi mtu.

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mgeni mwenye akili haangalii anavyokaribishwa. Anaangalia mwenyeji anavyoishi. Kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni sita waliihama Kusini wakaenda Chicago, Detroit, New York na Los Angeles. Walikimbia mshahara mdogo, shule mbovu na kamba ya kunyongea. Mahali ambapo mzaliwa anafunga virago usiku, usitegemee mgeni aje kufungua vyake mchana.

Linganisha na North Dakota. Kule ni baridi inayopasua mawe. Lakini sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, mradi akae miaka mitano na kuilima. Kampuni za reli zilituma mawakala Ulaya. Mwaka 1890 zaidi ya wanne katika kila kumi wa jimbo lile walikuwa wamezaliwa nje, Wanorwei wakiwa wengi. Barua moja ilileta ndugu, ndugu akaleta jirani. Ardhi ya bure ilipokwisha, wageni wapya nao wakapungua.

Kwa hiyo sifa ya kutokuwa na wageni si ya kudumu. North Carolina ile ya mwaka 1910 leo ina viwanda, benki na maabara, na wageni wamejaa. Ubaguzi wa kisheria ulipigwa marufuku mwaka 1964, sheria ya uhamiaji ikabadilishwa mwaka 1965, kazi zikahamia Kusini, na watu wakazifuata.

West Virginia imekwenda kinyume. Zamani migodi yake ya makaa ya mawe ilijaa Waitalia, Wapolandi na Wahungari. Mgodi wa Monongah ulipolipuka tarehe 6 Desemba 1907, watu 362 walihesabiwa kufa, na wengi wao walikuwa wahamiaji. Baada ya mwaka 1950 mashine zikachukua kazi ya mikono. Jimbo lililokuwa na watu zaidi ya milioni mbili mwaka 1950 lilikutwa na wasiofika milioni 1.8 mwaka 2020. Leo waliozaliwa nje hawafiki wawili katika kila mia, wakati kwa Marekani nzima wanazidi 13. Nyumba ni rahisi kwa sababu waliokuwa wakiishi ndani wameondoka.

Kijana wangu akaniuliza, "Kwa hiyo, baba mdogo, penye nyumba rahisi hapafai kabisa?"

Hapana. Nikamweleza habari za Lewiston, katika jimbo la Maine. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Viwanda vilikufa, na watu wakapungua kutoka zaidi ya 41,000 mwaka 1970 hadi wasiofika 36,000 mwaka 2000. Mwaka 2001 familia za Wasomali, zilizochoshwa na maisha ya miji mikubwa, zilianza kuhamia pale zenyewe, zikifuata nyumba nafuu na usalama. Waliotangulia wakawaita wenzao. Mwaka 2002 Meya aliandika barua ya wazi kuwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuja. Januari 2003 wabaguzi wachache walikusanyika mjini kuwapinga wageni. Siku hiyohiyo maelfu ya watu wakajitokeza kuwatetea.

Baadaye wakafuata Wasomali Wabantu kutoka kambi za Kenya. Hawa ni ndugu zetu hasa. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pwani na bara ya Afrika Mashariki, Wazigua wakiwemo, na wapo ambao bado wanazungumza Kizigua. Wenzao waliokimbilia Tanzania walipewa ardhi Chogo, wilayani Handeni. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa watoto wa wakimbizi, ilitwaa ubingwa wa jimbo.

Kwa hiyo nilimpa maswali matatu ayaweke mfukoni badala ya ile orodha ya kodi. Nani yuko huko wa kukupokea usiku wa kwanza? Kazi yako ya umeme inahitajika na nani, kwa mshahara gani? Na wazaliwa wa pale, watoto wao wakimaliza shule hubaki au huondoka?

Hatimaye alikwenda Dallas, kwa rafiki wa mtaani aliyekuwa na nafasi ya godoro sakafuni. Kodi inamtoa jasho kama alivyotabiri. Lakini ng'ombe wa mama yake wamesharudi zizini, na wameongezeka mmoja.

Nasi tuliobaki, ndugu msikilizaji, swali lile la tatu tujiulize kuhusu wilaya zetu wenyewe. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.