Utunzaji wa taa na rangi ya gari katika njia za vumbi na matope

Utunzaji wa taa na rangi ya gari katika njia za vumbi na matope ni jumla ya hatua zinazochukuliwa na madereva, wenye magari na mafundi ili mawe, mchanga, matawi, jua na maji visiharibu taa za mbele na bodi ya gari linalotembea nje ya barabara za lami. Jambo hili linahusu hasa magari ambayo injini yake inaweza kuzungusha magurudumu yote manne, kama vile Land Rover na Toyota Land Cruiser, kwa kuwa ndiyo hutumwa mahali ambapo magari mengine hayafiki kwa urahisi.

Makala hii inatumia mfano wa Wilaya ya Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa nchini Tanzania. Huko gari linaweza kupita kwenye changarawe, matope ya mashamba ya mpunga na mchanga wa ziwani ndani ya siku moja.

Mazingira ya Kyela

Wilaya ya Kyela iko katika Mkoa wa Mbeya. Sehemu yake kubwa ni tambarare iliyojengwa na udongo ulioletwa na mito kutoka nyanda za juu, ikiwemo Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mto Songwe ni mpaka kati ya Tanzania na Malawi. Upande wa mashariki, karibu na Matema, Milima ya Livingstone inapanda ghafla kutoka ukingoni mwa ziwa.

Kyela ni kati ya maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, na mara nyingi huzidi mwezi Machi na Aprili. Wakati huo mito hufurika na tambarare hujaa maji. Hali hiyo inaufaa mpunga, lakini njia za udongo huwa utelezi na mashimo.

Barabara kuu inayotoka Mbeya kupitia Tukuyu hadi Kyela na mpaka wa Kasumulu ina lami. Njia nyingi zinazoingia vijijini na mashambani, katika kata kama Mbugani, ni za udongo au changarawe. Nyingine hupita katikati ya migomba, mikakao na michikichi, nazo ni nyembamba kiasi kwamba majani hugusa gari pande zote mbili.

Maji ya Ziwa Nyasa ni maji baridi, yaani hayana chumvi kama ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mchanga wa Matema hauli chuma cha gari kwa kasi ya mchanga wa Tanga au Zanzibar. Hata hivyo kutu haihitaji chumvi ili ianze. Chuma, maji na oksijeni vinatosha, na katika hewa ya joto na unyevu ya Kyela gari linaweza kukaa na unyevu kwa muda mrefu.

Jinsi madhara yanavyotokea

Mawe. Gari linalotangulia hurusha changarawe kwa magurudumu yake. Nguvu ya pigo huongezeka haraka kuliko mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya jiwe huongezeka mara nne. Mawe hupiga zaidi boneti, bampa na taa, pamoja na sehemu za chini za milango zilizo nyuma ya magurudumu.

Mchanga na matope. Mchanga una chembe nyingi za silika. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs chembe hizo hufikia takriban 7, wakati kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Plastiki na rangi ni laini zaidi ya kioo. Matope yakishakauka juu ya gari yanafanana na msasa, na mtu akiyafuta kwa kitambaa kikavu anaikwaruza rangi mwenyewe. Madhara ya aina hii hayaonekani siku ya kwanza, lakini baada ya miezi michache gari hupoteza mng'ao na taa hufifia.

Matawi. Matete, mianzi na matawi ya mikakao huacha mikwaruzo mirefu ubavuni. Makuti ya mchikichi yana miiba kwenye vikonyo vyake, nayo huweza kukata hadi chini ya rangi. Utomvu wa mgomba huacha madoa ambayo ni vigumu kuyatoa yakishakauka.

Jua. Miale ya urujuanimno huvunja polepole kemia ya plastiki na ya rangi. Taa za plastiki hugeuka manjano, na rangi ya boneti na paa huchakaa mapema kuliko ya ubavuni.

Wadudu na kinyesi cha ndege. Juu ya Ziwa Nyasa huruka makundi makubwa ya wadudu wadogo (Chaoborus edulis) yanayoonekana kwa mbali kama moshi. Wakazi wa ufukoni huwakusanya na kuwala. Wadudu hawa huvutwa na mwanga, hivyo usiku hujazana kwenye taa. Mabaki ya wadudu na kinyesi cha ndege yakiachwa juani hula tabaka la juu la rangi.

Taa za mbele

Taa ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la sura. Usiku, njia za Kyela hutumiwa pia na waenda kwa miguu, pikipiki, baiskeli zilizobeba magunia na mifugo. Baiskeli nyingi hazina taa. Mwanga wa gari ndio unaomwezesha dereva kumwona mtu mapema, na taa iliyofifia humpunguzia dereva umbali wa kusimama.

Magari ya zamani, kama Land Rover nyingi na Land Cruiser za mfululizo wa 70 za miaka ya mwanzo, yana taa za duara zenye uso wa kioo. Kioo hakigeuki manjano na hakikwaruziki kwa urahisi, lakini jiwe moja linaweza kukipasua. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji walianza kutumia polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka kwa urahisi. Udhaifu wake ni mikwaruzo na jua, ndiyo maana kiwandani hupakwa tabaka jembamba la kinga. Tabaka hilo likiisha, taa huanza kuwa na ukungu.

Njia zinazotumika kulinda taa ni hizi:

- Wavu wa chuma. Huzuia mawe makubwa, lakini hupunguza mwanga na hunasa matope. Unaofaa ni ule unaofunguka ili taa isafishwe.
- Kifuniko angavu cha plastiki. Hupokea mapigo na mikwaruzo badala ya taa yenyewe, nacho hubadilishwa kikichakaa. Huachwa nafasi ndogo kati yake na taa, na mchanga ulioingia humo hutolewa mara kwa mara.
- Filamu angavu ya kubandika. Hufaa kwa mawe madogo na mchanga. Filamu yenye rangi nyeusi haifai kwa sababu hupunguza mwanga.
- Ngao ya mbele. Chuma hiki kinachofungwa mbele ya bampa husaidia kwenye vichaka na dhidi ya wanyama, lakini hakizuii changarawe. Ngao ngumu pia huongeza madhara kwa mtu anayegongwa. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliziwekea ngao masharti kwa agizo la mwaka 2005.

Taa ya halojeni hupata joto kali ikiwaka. Uso wa kioo ukiingia ghafla kwenye maji baridi ya mto unaweza kupasuka, hivyo mchana madereva wenye uzoefu huzima taa na kusubiri zipoe kabla ya kuvuka. Baada ya kuvuka hukaguliwa kama maji yameingia ndani ya taa. Unyevu unaobaki humo huharibu tabaka la alumini linaloakisi mwanga, na taa hubaki hafifu hata balbu ikiwa mpya. Kwa kawaida chanzo ni mpira wa nyuma uliolegea au ufa mdogo kwenye kingo.

Petroli, tina na mafuta ya breki visiguse taa za plastiki wala rangi. Vivyo hivyo dawa za kujipaka dhidi ya mbu zenye kemikali ya DEET huyeyusha baadhi ya plastiki na rangi. Katika eneo lenye mbu wengi kama Kyela, mtu aliyejipaka dawa hiyo hunawa mikono kabla ya kushika taa au bodi.

Rangi na bodi

Rangi ya gari la kisasa ina tabaka kadhaa: kinga ya kutu juu ya bati, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa lakka angavu. Kwa pamoja tabaka hizo huwa na unene wa takriban mikromita 100 hadi 150, sawa na unene wa karatasi ya kawaida au kuzidi kidogo. Mkwaruzo ulioishia kwenye lakka ni doa tu. Mkwaruzo uliofika kwenye bati ni mlango wa kutu.

Bodi za Land Rover za zamani zilitengenezwa kwa sehemu kubwa kwa aloi ya alumini, ambayo haipati kutu nyekundu ya chuma. Hata hivyo chesi yake ni ya chuma na huhitaji kuoshwa na kukaguliwa kama ya gari lingine lolote.

Kinga ya bei nafuu ni nta. Hupakwa gari likiwa safi na kavu, nayo hufanya maji na matope yasishike sana. Haizuii jiwe, na hurudiwa kila baada ya muda. Filamu ya poliurethani, yenye unene wa takriban mikromita 150 hadi 200, huzuia mawe madogo na mikwaruzo ya matawi. Kwa kuwa ni ghali, wengi huibandika tu kwenye ncha ya boneti, kingo za milango na nyuma ya magurudumu. Mipira ya kuzuia matope iliyofungwa vizuri nyuma ya magurudumu hulinda bodi ya gari lenyewe na pia gari linalofuata.

Utepe wa karatasi unaweza kubandikwa kwa safari fupi ya mchana. Ukiachwa juani siku nyingi, gundi yake huganda na kuitoa huharibu rangi.

Uendeshaji

Kinga isiyo na gharama ni namna ya kuendesha. Kwenye changarawe dereva huacha nafasi kubwa nyuma ya gari linalotangulia, hasa lori, na hupunguza mwendo anapopishana na gari lingine. Kwenye njia nyembamba hukunja vioo vya pembeni na kwenda taratibu, kwa kuwa tawi linalosukumwa polepole huteleza juu ya bodi lakini likigongwa kwa kasi huchapa. Abiria anaweza kushuka na kushikilia matawi hadi gari lipite. Kukata matawi ya mikakao au migomba bila ruhusa ya mwenye shamba ni kumharibia mali yake.

Kuosha

Hatua za kuosha gari lililojaa matope ni hizi:

1. Gari huwekwa kivulini na kuachwa lipoe.
2. Matope hulowekwa kwa maji mengi hadi yalainike, bila kusugua.
3. Maji humwagwa kuanzia juu kwenda chini, yakiwemo sehemu za ndani ya madigadi na chini ya milango.
4. Gari huoshwa kwa sifongo au kitambaa laini na sabuni ya gari. Sabuni kali ya kufulia huondoa nta.
5. Hutumika ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa ili mchanga usirudi kwenye rangi.
6. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudishwi kwenye gari kabla ya kusuuzwa.
7. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango huzibuliwa, kwani matope yaliyoziba humo huozesha mlango kutoka ndani.

Kuosha gari ndani ya ziwa au mto hakufai. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira yake. Mafuta na sabuni huingia kwenye maji yanayotumiwa na watu, na kwenye mito ambamo samaki aina ya mbasa hupanda kutaga mayai. Anayesimama majini pia anaweza kuambukizwa kichocho. Maji huchotwa na gari huoshwa mbali na ukingo.

Ukarabati

Kina cha mkwaruzo hupimwa kwa ukucha. Ukucha usiponasa, mara nyingi polishi inatosha. Ukinasa, rangi imekatwa. Bati likionekana, sehemu hiyo husafishwa, hukaushwa, hupigwa msasa kuondoa kutu, kisha hupakwa praima, rangi na lakka. Kazi hii hufanywa mapema, kabla ya masika. Namba ya rangi huandikwa kwenye kibati cha gari, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango.

Taa ya plastiki iliyofifia husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia ule wa wastani hadi ule laini sana, kisha hupigwa polishi na kupakwa lakka yenye kinga ya jua. Dawa ya meno, inayotumiwa na wengi, hung'arisha kwa muda mfupi tu kwa sababu haiachi kinga yoyote. Taa iliyopasuka au ambayo sehemu yake ya kuakisi imeharibika hubadilishwa.

Historia

Kabla ya filamu na plastiki, kinga ilikuwa ya chuma na turubai. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalijulikana kwa magari yenye ngao za mbele na taa za ziada, kwa sababu ya matope, wanyama na safari za usiku.

Tazama pia

- Wilaya ya Kyela
- Ziwa Nyasa
- Kutu
- Safari Rally