Mwambatano wa eksomu, muda wa

Muda wa mwambatano ni kipindi ambacho vipande vya DNA huachwa pamoja na probu (nyuzi fupi zilizotengenezwa zilingane na sehemu zinazotafutwa) ili probu hizo zinase eksomu, yaani sehemu za jenomu zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Eksomu ni asilimia 1 hadi 2 tu ya jenomu ya binadamu.

Utendaji. DNA hupashwa hadi sentigredi 95 hivi ili nyuzi zake ziachane, kisha joto huteremshwa, mara nyingi hadi 65. Kila probu, ikiwa na biotini, hushikana na uzi unaolingana nayo. Chembe za sumaku zenye streptavidini, inayoshika biotini, huzoa vilivyonaswa, vingine huoshwa.

Kuchagua muda. Mwaka 1968 Roy Britten na David Kohne walionyesha kuwa kiwango cha nyuzi kurudiana hutegemea wingi wa DNA ukizidishwa kwa muda. Probu zikikolea, muda hupungua. Itifaki za mwanzo zilidai saa 16, 24, hata 72. Baadhi ya mpya hutosheka na 4 au pungufu. Ukikatiza mapema, vipande adimu hubaki nyuma. Ukichelewa mno, faida huwa ndogo, na mrija usiofungwa barabara hupoteza maji: mikrolita chache zikikauka, chumvi hukolea na mizani yote huharibika.

Nairobi. Katika vijiji vya Soweto West na Gatwekera, Kibera, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, zilianza kufuatilia maradhi ya kuambukiza kaya kwa kaya katikati ya miaka ya 2000, kituo chao cha tiba kikiwa Kliniki ya Tabitha. Katika kazi ya aina hiyo unasaji kwa probu unaweza pia kutumika kuvua jenomu za virusi, na kanuni ya muda haibadiliki: virusi vikiwa haba, mwambatano wa usiku kucha ndio salama zaidi. Lakini usiku huo unahitaji umeme. Usiku wa 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu Kenya nzima. Mashine isiyo na betri hupoa, na probu hushika visivyo vyake. Maabara isiyo na umeme wa akiba ichague itifaki fupi yenye probu nyingi, na sampuli zote zinazolinganishwa zipewe muda uleule. Sampuli ikiharibika hairudishwi: ute uliotolewa puani mwa mtoto siku ya homa haupatikani tena homa ikishapoa.