Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi

Wanandoa wanapofikishana kortini, wengi hudhani kuwa mshindi wa kesi ya talaka ndiye atakayewachukua watoto. Sivyo. Nchini Kenya, hayo ni masuala mawili yanayoamuliwa kwa sheria mbili tofauti.

Talaka huongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Anayeitaka huwasilisha ombi kwa hakimu na kutaja sababu, zikiwemo uzinzi, ukatili, kutelekezwa au ndoa kusambaratika kiasi cha kutorekebishika. Mwenzake akipinga, kila upande hutoa ushahidi na kuhojiwa; madai matupu hayatoshi. Waislamu huwasilisha kesi zao kwa Kadhi. Mahakama Kuu ilibatilisha sharti lililowazuia waliofunga ndoa ya kiserikali kuomba talaka kabla ya miaka mitatu kupita.

Kesi ya malezi husikizwa na mahakama ya watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Si lazima mzazi asubiri talaka. Anaweza kuomba agizo la muda kuhusu malezi na matunzo. Hata wasiowahi kuoana wana haki hiyo, kwani Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawatwika baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la.

Hapa swali kuu si nani alimkosea mwenzake, bali ni lipi lenye manufaa zaidi kwa mtoto. Hakimu hutazama umri wake, aliyekuwa akimlea, usalama, masomo, na maoni yake iwapo anaweza kujieleza. Aghalabu watoto wadogo huachiwa mama, ila pawepo sababu nzito ya kuamua vinginevyo. Afisa wa watoto anaweza kuagizwa kuchunguza hali ya nyumbani na kuandika ripoti. Kwa hivyo, cheti cha kuzaliwa, risiti za karo na za hospitali, pamoja na ithibati ya mapato, zina uzito kuliko matusi ya simu.

Asiyepewa malezi kwa kawaida huruhusiwa kumwona mtoto, na bado huwajibika kuchangia matunzo. Kumficha mtoto kwa sababu matunzo hayajalipwa, au kukatiza matunzo kwa kunyimwa nafasi ya kumwona, ni kukaidi agizo la korti, na mkaidi anaweza kuadhibiwa.

Asiyeridhika anaweza kukata rufaa, au kuomba agizo libadilishwe hali inapobadilika. Wazazi wakielewana kabla ya hukumu, mapatano yao yanaweza kuidhinishwa na mahakama.