Mgombea wa mazingira haokotwi mwezi wa mwisho

Kila uchaguzi unapokaribia, barazani huzuka neno lile lile: kuna mtu fulani anayeijua habari ya bahari, mvua na miti, lau angesimama kitaifa tungempa. Kahawa ikiisha watu hutawanyika. Siku ya kura ikifika mtu huyo hayumo kwenye karatasi, au yumo lakini amechelewa na hana wa kumshika mkono.

Kenya ina mfano wake wa jambo hili, nao ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Vijana wengi wanamjua kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004 na kwa barabara yenye jina lake Nairobi. Wachache wanajua kwamba mwaka 1997 aligombea urais.

Hakuwa mgeni wa misukosuko. Harakati zake za upandaji miti, Green Belt Movement, alizianza 1977 pamoja na wanawake wa vijijini. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Akazuiwa kwa sababu za usajili, na kazi yake hakurudishiwa. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jumba halikujengwa.

Basi 1997 wenzake wakamsihi asimame. Alitangaza kugombea kwa tiketi ya chama kidogo, Liberal Party of Kenya, ikiwa imebaki kama mwezi mmoja tu kufikia kura ya tarehe 29 Disemba. Wakati huo sheria haikumruhusu mgombea huru, na anayetaka urais alilazimika pia kushinda kiti cha ubunge. Hivyo alikuwa na vita viwili kwa mwezi mmoja, bila fedha wala mawakala wa kutosha. Zikabaki siku chache, ukavumishwa uongo kwamba amejitoa na kumuunga mkono mwingine. Uongo ule ungezimwa na watu walioko mashinani, kijiji kwa kijiji, na watu hao hakuwa nao. Akakosa urais, akakosa na ubunge wa Tetu.

Miaka mitano baadaye, katika Tetu ile ile, alipata asilimia 98 ya kura. Mama alikuwa ni yule yule na miti yake. Kilichobadilika ni kuwa safari hii alikuwa ndani ya muungano wa NARC, na mwaka 2003 akateuliwa naibu waziri wa mazingira. Kwa maoni yangu, hilo lawahusu wapiga kura kuliko wagombea. Kumpenda mtu kulikuwako tangu 1997, ila mpango haukuwako.

Marekani nao waliwahi kujaribu kumvuta mtu wao. Al Gore alishindwa urais wa 2000 kwa tofauti ya kura 537 katika jimbo la Florida, ingawa nchi nzima alimpita George W. Bush kwa zaidi ya kura laki tano. Akageukia kampeni ya tabianchi, akatoa filamu 2006. Mwaka 2007 wananchi wakakusanya saini zaidi ya laki moja kumtaka agombee tena, wakalipia na tangazo gazetini. Siku chache baadaye akatunukiwa Nobel. Hakusimama, na Juni 2008 akamuunga mkono Barack Obama. Kwa hivyo saini za kumwita mtu si dhamana kuwa atakuja. Lazima tulijue hilo kabla ya kuanza.

Turudi kwetu. Chini ya Katiba ya 2010, mgombea urais anaweza kuwa wa chama au huru, na kiti cha ubunge hahitaji tena. Anahitaji kupendekezwa na wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti. Yaani kaunti 24, saini 48,000. Anayetaka kuwa huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Na kwa kuwa uchaguzi ujao kikatiba ni tarehe 10 Agosti 2027, hesabu yake ni kuanzia Mei. Kushinda ni jambo jingine: zaidi ya nusu ya kura zote, na asilimia 25 katika kaunti 24.

Nasi tutamuuliza nini mtu huyo? Asituletee hotuba za hewa ya kaboni halafu aondoke. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti, wakata mikoko wa Lamu walikaa bila kazi, na boriti ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto wao. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda mikoko tangu 2013 na fedha zake zikarudi kwenye maji na shule za kijiji. Mgombea atwambie ni ipi kati ya njia hizi mbili anayoifuata, na mkata boriti atakula nini siku ya kwanza. Atwambie pia msimamo wake juu ya makaa ya mawe. Leseni ya mazingira ya kiwanda cha Lamu ilifutwa na jopo la mazingira Juni 2019 kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda kushtaki ni watu wa Lamu wenyewe. Hakuna rais aliyewafanyia.

Kaunti zetu sita, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zinaweza kutoa saini 12,000, ambayo ni robo tu. Kaunti 18 zilizobaki zimo kule ambako ukame umemaliza mifugo ya Turkana na Marsabit, ambako Ziwa Baringo limemeza nyumba, ambako mafuriko huwahamisha watu wa Budalang'i. Hao hawajui mikoko, na sisi hatujui ngamia. Anayetaka kumuunga mkono mtu wake aanze kutafuta namba za simu za watu wa huko sasa hivi, kabla hata ya kumuuliza mwenyewe kama atasimama.