Ethiopia: Hospitali Zilizopigwa na Daftari Lililofungwa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Yaliyotukia Ethiopia mwaka 1935 na 1936 yaonyesha kuwa hata haki ya majeruhi hupotea vivyo hivyo.

Tarehe 30 Desemba, 1935, ndege za Italia zilishambulia kwa mabomu hospitali ya mahema ya Msalaba Mwekundu wa Uswidi huko Malka Dida, kusini mwa Ethiopia. Wagonjwa zaidi ya 20 waliuawa. Mkuu wa hospitali, Dakta Fride Hylander, alijeruhiwa, na mmoja wa wasaidizi wake akafa. Vikaratasi vilivyoangushwa na ndege hizo vilidai kuwa hicho kilikuwa kisasi cha rubani wa Kiitalia aliyekatwa kichwa. Lakini kosa la wengine halihalalishi kumwua mgonjwa kitandani. Tarehe 4 Machi, 1936, hospitali ya mahema ya Waingereza nayo ilipigwa karibu na Korem.

Nchi zote mbili zilifungwa na Mkataba wa Geneva wa 1929. Italia ilijitetea kuwa Waethiopia walitumia alama ya msalaba mwekundu kwa hila. Madai hayo yalihitaji uchunguzi. Halmashauri ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikuwa na wajumbe wawili huko, Sidney Brown na Marcel Junod, na taarifa zao zilifika Geneva. Hata hivyo, Shirikisho la Mataifa lilipoomba habari hizo mwezi Aprili 1936, Halmashauri ilikataa kuzitoa, ikitaja msimamo wake wa kutofungamana na upande wowote. Tarehe 5 Mei Addis Ababa ilitekwa, na uchunguzi haukukamilishwa. Mshtaki hakupata hukumu, wala mshtakiwa hakupimwa utetezi wake.

Miaka mingi ilipita kabla ya funzo hilo kutiwa katika utaratibu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipewa kazi ya kukusanya habari za mashambulio dhidi ya hospitali na waganga. Mwaka 2016 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2286, liliyalaani mashambulio hayo.

Lakini taarifa ya kwanza huanzia kwa askari aliyepo mahali pa tukio: saa, mahali, alama iliyoonekana, amri iliyotolewa na jina la aliyeitoa. Taarifa hiyo humfichua mkosaji, nayo humkinga askari mwadilifu asisingiziwe. Isipoandikwa siku ile, au ikiandikwa kisha ikafungiwa kabatini, wafu wa Malka Dida watakuwa wamekufa mara mbili.