Kwa Nini Wengine Wanaapa kwa Glock na Wengine Hawataki Hata Kuisikia

Wacha niseme mapema: hapa Kenya wengi wetu hatujawahi kushika bastola, na hiyo ni sawa kabisa. Kwetu silaha ni jambo la leseni, si haki ya kila mtu. Lakini jina Glock tunalijua wote. Liko kwenye filamu, liko kwenye mistari ya rap, na likitajwa kwa habari za saa moja hakuna anayeuliza ni kitu gani.

Shida ni kwamba mengi tunayoyajua kuihusu yametoka kwa filamu, na filamu hudanganya. Kwenye Die Hard 2 ya mwaka 1990, mhusika mkuu anadai kuna Glock ya kaure iliyotengenezwa Ujerumani, ati haionekani kwa mashine za uwanja wa ndege. Huo ni uongo mara tatu. Glock si ya kaure, haitoki Ujerumani, na kwa mashine inaonekana vizuri sana.

Sasa ukiwasikiliza watu wanaoijua kwa mkono, yaani polisi, wanajeshi na wapiga shabaha wa mashindano, utashangaa vile wamegawanyika. Mmoja atakuambia hakuna bastola nyingine ya maana duniani. Mwingine atakuambia ni tofali la plastiki lisilo na roho. Mimi nimefuatilia historia yake na naona hivi: kambi zote mbili zinaongea juu ya kitu kimoja. Kile kinachofanya huyu aipende ndicho kinachofanya yule aiogope.

Mtu wa mapazia

Gaston Glock alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1929. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake Deutsch-Wagram, mji mdogo karibu na Vienna. Haikuwa kampuni ya bunduki. Ilitengeneza vyuma vya kuning'inizia mapazia, na baadaye ikauzia jeshi visu na sepetu. Ni hapo kwa visu ndipo alipojifunza kazi iliyokuja kumtajirisha: kumimina plastiki ngumu, ile inaitwa polima, kwenye kalibu na kupata mpini au ala isiyovunjika.

Mwaka 1980 jeshi la Austria lilikuwa linatafuta bastola mpya. Ile waliyokuwa nayo, Walther P38, ilikuwa ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Masharti yalikuwa magumu. Bastola isifyatuke ikianguka kutoka mita 2 juu ya chuma. Ifunguliwe na kurudishwa bila zana yoyote. Katika risasi 10,000 za kwanza isikwame zaidi ya mara 20.

Glock alikuwa ameshapita miaka 50 na hakuwa ametengeneza bastola hata moja. Alichofanya ni kuwaita wajuzi wa silaha na kuwauliza wangetaka bastola ya namna gani. Inasimuliwa kwamba mifano ya kwanza aliifyatua kwa mkono wa kushoto, ili ikimlipukia bado abaki na mkono wa kulia wa kuchorea. Mwaka 1981 aliomba hataza ya uvumbuzi huo. Ilikuwa hataza yake ya 17, na ndiyo maana bastola ikaitwa Glock 17. Wengi hudhani jina limetoka kwa risasi 17 zinazoingia kwenye magazini yake, lakini hiyo ni sadfa tu.

Mwaka 1982 jeshi likaichagua na kuagiza 25,000. Walioachwa nyuma si watu wadogo: Heckler & Koch, SIG Sauer, Beretta, FN, na Steyr ya hapo hapo nyumbani. Fikiria fundi wa mapazia akishinda viwanda vilivyotengeneza silaha kwa vizazi.

Na tuweke rekodi sawa, hakuwa wa kwanza kutumia plastiki. Heckler & Koch walikuwa na bastola ya polima, VP70, tangu 1970, lakini haikupendwa sana. Kwa hivyo ukimsikia mtu akisema Glock ilishinda kwa sababu ya plastiki, amekosa nusu ya stori.

Kufuli imehamia wapi?

Nusu ya pili ndiyo muhimu. Kabla ya Glock, bastola ilikuwa na njia mbili kubwa za kukuzuia usifyatue kwa bahati mbaya. Ukiwa na rivolva, kifyatulio chake, ile triga, ni kizito na kina safari ndefu, kwa hivyo kidole lazima kikusudie. Ukiwa na bastola kama M1911, aliyoibuni John Browning, kuna kufuli ndogo kando unayoshusha kwa kidole gumba kabla ya kufyatua. Usipoishusha, hakuna kitu.

Glock aliondoa kufuli ya kidole gumba. Badala yake aliweka vizuizi vitatu ndani ya bastola. Cha kwanza ni kile kijiti kidogo unachokiona katikati ya kifyatulio. Vingine viwili viko ndani, huvioni. Vyote vinaachia ukivuta, na vyote vinarudi ukiachilia. Hakuna cha kukumbuka. Ukiangusha bastola, haifyatuki. Ukivuta, inafyatuka.

Na ifahamike alikuwa na mantiki. Alikuwa akimfikiria askari wa kawaida, aliyeogopa, usiku, mikono ikitetemeka kwa baridi. Askari huyo akisahau kufuli, amekufa. Kwa hivyo ondoa kufuli.

Wanaoipenda

Kutoka hapo unaweza kuelewa mapenzi ya watu. Glock ina sehemu 34 hivi peke yake. Kifaa chenye vitu vichache kina vichache vya kuharibika. Sehemu ya chini ni polima, haishiki kutu na ni nyepesi, kwa hivyo askari anayeibeba kiunoni zamu nzima mgongo unamshukuru. Mtutu umekaa chini karibu na mkono, kwa hivyo ikipiga hairuki sana juu, na risasi ya pili inaifuata ya kwanza haraka. Mvuto wa kifyatulio, karibu kilo 2.5, ni ule ule kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Kuna bastola nyingi ambazo risasi ya kwanza ina mvuto mzito na zinazofuata mwepesi, na mkono lazima ujifunze vitu viwili. Glock inakufunza kimoja.

Marekani ilikuwa imeiva kwa kitu kama hicho. Aprili 1986 maafisa wa FBI walikabiliana na majambazi wawili wenye silaha kali Miami. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Majambazi pia walikufa, lakini baada ya risasi nyingi mno. Wengi wa maafisa hao walibeba rivolva. Baada ya siku hiyo idara nyingi za polisi zilianza kuiona rivolva kama kifaa cha babu.

Kampuni ya Glock ilikuwa imeshafungua ofisi Smyrna, jimbo la Georgia. Iliwaambia polisi: leteni bastola zenu kuukuu tuzihesabu kwa bei, tuwape mpya. Nani angekataa? Hata kelele za mwandishi Jack Anderson, aliyeandika Januari 1986 kwamba magaidi wangepita na bastola hii ya plastiki uwanja wa ndege, ziliishia kuitangaza. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1988 kupiga marufuku bunduki zisizoonekana kwa mashine. Glock haikuguswa, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni chuma.

Wasioipenda

Sasa twende upande wa pili. Malalamiko mengine ni ya ladha tu. Watu wanasema ni mbaya kwa sura, imekaa kama sanduku. Pembe ya mpini wake ni kali zaidi ya M1911, kwa hivyo aliyezoea M1911 akiinua Glock anajikuta analenga juu. Kizazi cha tatu kiliwekwa mitaro ya vidole kwenye mpini, na kama vidole vyako havilingani na mitaro hiyo, pole. Kampuni ilikuja kuiondoa kwenye kizazi cha tano mwaka 2017, na hapo ni kama walikubali kwamba walalamishi walikuwa na hoja.

Lakini lalamiko zito ni lile la kufuli. Na hapa si ladha tena, ni maisha ya watu.

Polisi wa Washington DC walianza kutumia Glock mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo huo idara iliajiri askari wengi kwa haraka, na mafunzo ya kulenga yakabaki nyuma. Mwaka 1998 gazeti la Washington Post lilifichua kilichofuata: katika miaka 10, bastola hizo zilifyatuka kwa bahati mbaya zaidi ya mara 120. Maafisa 19 walijipiga wenyewe au walipiga wenzao. Raia waliumizwa na askari ambao hawakukusudia kufyatua. Uchunguzi huo, uliogusa mauaji ya polisi kwa jumla, ulishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1999.

Je, bastola ilikuwa mbovu? Hapana. Ilifanya kile ilichobuniwa kufanya: kidole kilivuta, ikafyatuka. Kuna askari waliotembea na kidole kwenye kifyatulio. Kuna kanuni inayosema ili uifungue kuisafisha lazima kwanza uvute kifyatulio. Aliyesahau risasi moja kwenye mtutu anaijua hiyo kanuni kwa uchungu. Rivolva ingewasamehe baadhi yao. Glock haisamehe.

New York walijaribu dawa nyingine. Waliweka springi nzito hadi mvuto ukapita kilo 5. Lakini kifyatulio kizito kina shida yake: ukikivuta kwa nguvu, bastola inayumba, na risasi inaenda usikotaka. Mwaka 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi walimpiga muuaji mwenye silaha, na wapita njia 9 wakajeruhiwa na risasi za polisi au vipande vyake. Ubishi kuhusu vifyatulio vizito ukarudi palepale. Ukiilegeza inafyatuka bila kutaka, ukiikaza inapiga asiyehusika. Springi haiwezi kufanya kazi ya mwalimu.

Majeshi pia hayajakubaliana. Norway iliichukua 1985, Sweden 1988, Uingereza 2013, Ufaransa 2020. Jeshi la nchi kavu la Marekani, mwaka 2017, lilichagua SIG Sauer, na lilitaka kufuli ya kidole gumba. Hata Glock wenyewe, kwa shindano hilo, walipeleka bastola yenye kufuli hiyo. Miaka zaidi ya 30 wakisema haihitajiki!

Na urahisi ule ule umezaa balaa jingine. Kuna kidude kidogo haramu kinachoigeuza Glock kuwa bunduki ya kumwaga risasi mfululizo. Mwaka 2024 jiji la Chicago liliishtaki kampuni likidai imejua hilo na haikubadilisha muundo. Mzee Gaston mwenyewe alikuwa amefariki Desemba 2023, akiwa na miaka 94.

Kwa hivyo nani ana haki?

Maoni yangu ni haya. Anayeipenda ana haki kusema ni kifaa rahisi, cha kutegemewa. Anayeichukia ana haki kusema urahisi huo umehamisha mzigo wote kwenye kidole cha binadamu. Mahali wote wawili wanakosea ni pale wanapobishana kana kwamba jibu liko ndani ya chuma na plastiki.

Swali la kweli ni: nani amemfunza huyu anayeibeba, kwa saa ngapi, na lini mara ya mwisho? Mpiga shabaha anayefanya mazoezi kila wiki anaipenda Glock kwa sababu nidhamu ile iliyoondolewa kwa bastola ameshaiweka kwa kidole chake. Askari aliyepewa bastola leo na kuingizwa barabarani kesho hana hiyo nidhamu, na hakuna kiwanda kinachoiuza.

Na hili hata sisi linatuhusu, hata kama hatutawahi kushika bunduki. Tunapenda sana kununua kifaa. Kifaa kinapigwa picha, kinazinduliwa, kinakatiwa utepe. Mafunzo hayakatiwi utepe. Ukisikia serikali yoyote ikitangaza silaha mpya za polisi, usiulize ni aina gani. Uliza bajeti ya mazoezi ni ngapi. Kama hakuna anayejua, basi anza kuwahofia wapita njia.